Yai Halina Mlango

Juzi mwalimu wetu wa sayansi kimu alikwaruza kungumanga kwa ajili ya keki, na mimi nikatoka darasani bila ruhusa. Wenzangu wakacheka. Walidhani ni mchezo mwingine, kwa sababu mimi ndiye yule anayejulikana shule nzima kwa kumwiga mwalimu mkuu akipandisha suruali juu ya kitambi. Nikiinuka tu kwenye kiti, watu wanatayarisha meno. Nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, nikangoja ile harufu initoke puani. Ikakataa kutoka. Msichana ninayekaa naye dawati moja akanifuata akaniuliza, "We, una nini? Una mimba?" Nikamwambia, "Ndiyo, ya kungumanga." Akacheka mpaka akashika mbavu, akarudi ndani kuwaambia wengine. Hapo nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kama mtoto wa nasari, na namshukuru Mungu hakuna aliyeniona, maana jina langu lingeharibika.

Kwenu hiyo ni harufu ya keki. Kwetu ni harufu ya tambi.

Mama yangu alikuwa mpishi wa mzungu. Usianze kuwaza mambo makubwa, hatukuwa na jokofu wala baiskeli. Mzungu mwenyewe alikuwa Mjerumani mmoja mrefu, mkunga, aliyekuja kufundisha wakunga wenzake kwenye dispensari ndogo ya kanisa ng'ambo ya mto, huko kwetu upande wa Boito. Alishuka garini siku ya mvua, basi watu wakamwita Cherop, jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na jina lake la kwao likabaki kwenye pasipoti. Kiswahili alikuwa amekisomea kitabuni, kwa hiyo alikizungumza vizuri kuliko mwalimu wetu wa Kiswahili. Alisema "tafadhali" hata akimfukuza mbwa.

Cherop alikula kila kitu chetu bila kulalamika, lakini kila baada ya muda alikuwa anaugua hamu ya kwao. Siku hizo alimwonyesha Mama kupika tambi za mayai za kijijini kwa bibi yake. Unga wa ngano, mayai, chumvi, maji kidogo, na kungumanga iliyokwaruzwa juu. Unaupigapiga kwa mwiko mpaka unatoa mapovu, halafu unauweka kwenye ubao uliolowa, unakwangua kwa kisu vipande vyembamba vianguke kwenye maji yanayochemka. Vinazama, vinafikiri, kisha vinapanda juu vyenyewe. Ukiviona juu, unavichota.

Sasa, Mama ni Mkipsigis. Mpe unga na mwiko na maji ya moto, mikono yake inajua kitu kimoja tu. Siku ya kwanza aliachiwa jikoni peke yake, akaona ule ujiuji mwepesi, akauonea huruma. Akaongeza unga. Akasonga. Akaongeza tena. Cherop aliporudi akakuta ugali wa mayai, mgumu kiasi cha kujengea nyumba, na Mama amesimama kando anatoa jasho kwa fahari. Mama alitusimulia kwamba yule mzungu alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini Mama si mtu wa kushindwa na unga. Alirudi nyumbani, akachukua kifuniko cha debe, akakitoboa kwa msumari matundu mengi kama tunavyotengeneza vya kukwaruzia karoti, akakiweka juu ya sufuria na kusukuma unga kwa kitako cha kikombe. Tambi zikanyesha kama mvua. Cherop alipoona kile kifuniko alisema kwao huwa wanakinunua dukani kitu kama hicho. Mama alitembea kwa maringo wiki nzima.

Hivyo ndivyo tambi zilivyoingia kwetu. Mwanzoni Mama alileta zilizobaki, baadaye akaanza kuzipika mwenyewe jikoni kwetu juu ya mafiga, kwa mayai ya kuku wake. Alizipika kwa sababu ya Kiprotich.

Kiprotich ni ndugu yangu mdogo. Akiwa ndio kwanza anaanza kusimama akishika kuta, alishikwa na homa kali, ile ya kukaza shingo na kugeuza macho. Walikaa hospitalini siku nyingi na Mama, na Baba akawa anatupikia uji wenye mabonge. Aliporudi alikuwa mwepesi kama gunia la majani chai yaliyokauka. Ugali hataki, mboga hataki, maziwa anatema. Kitu pekee kilichopita kooni mwake kilikuwa zile tambi. Alikuwa anasimama kando ya sufuria akizingojea zipande, na zikipanda anapiga makofi na kucheka kwa sauti yake nzito ya kizee. Akanenepa. Akatembea. Akaanza kuniibia viazi. Lakini hakuongea.

Watoto waliozaliwa msimu mmoja naye walikuwa tayari wanatukana. Yeye hata "mama" hakusema. Na msifikiri alikuwa mpole. Alilia, alipiga kelele, alicheka. Sauti alikuwa nayo tele, maneno ndiyo hayakuwepo. Alikuwa shujaa kuliko sisi sote, mnajua ile mvua yetu ya mawe ya alasiri, inavyopiga mabati mpaka mnaongea kwa ishara? Sisi tulikuwa tunajikunyata, mbwa anaingia chini ya kitanda, na Kiprotich amelala chali amefungua mdomo. Bibi yetu, mama yake Baba, tuliyekuwa tunamwita Kogo kama Wakipsigis wote wanavyoita bibi zao, alikuwa anamtazama na kusema, "Huyu angekuwa askari wa zamani. Hashtuki."

Kogo alikuwa na nyumba yake hapo hapo uani. Alikuwa mtu wa vichekesho, nadhani nimemrithi yeye. Mimi aliniita Redio kwa sababu nilianza kuongea mapema na sijanyamaza. "Huyu Redio," alikuwa anawaambia wageni, "alikula maneno yote tumboni mwa mama yake, akamwachia mwenzake sahani tupu." Watu wanacheka, mimi nacheka pia. Usiku mmoja nikaacha kucheka, nikaanza kufikiri.

Tambi zenyewe Kogo alizipenda kupita sisi. Alidhani ni unga na maji tu. Alikuwa anazisukuma mdomoni kwa vidole na kusema wazungu si wajinga kabisa. Mpaka siku alipokwenda kumwaga majivu.

"Bot Kiprotich," akamwita Mama, yaani mama yake Kiprotich, kwa sababu kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Alikuwa ameshika ganda kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya. "Hii ni nini?"

"Ni ganda, Mama."

"Ganda la nini?"

"La yai."

"Na yai lenyewe lilienda wapi?"

Mama akaanza kupanga kuni upya. Redio je? Redio akajibu kwa sauti ya taarifa ya habari: "Liko ndani ya tambi, Kogo! Hata wewe umelila!"

Kogo hakunitazama. "Mimi nina maneno yangu tangu zamani, yai litaninyang'anya nini? Nauliza huyu mtoto. Umemlisha mayai tangu lini?"

"Tangu atoke hospitali. Hakuwa anakula kitu kingine, Mama. Angekufa."

"Afadhali angekula udongo." Kogo akaliweka lile ganda chini taratibu. "Umewahi kuona yai likiwa na mlango? Zungusha, tafuta. Halina mdomo, halina tundu, limefungwa pande zote. Kwenu Longisa hawakukufundisha? Mtoto ambaye hajaongea hapewi yai. Ukimpa kitu kisicho na mlango, kinamfunga naye anakuwa hivyo hivyo. Sasa tazama."

Tukamtazama sote. Kiprotich alikuwa amekaa kwenye majivu akijipaka magotini, hana habari na kesi yake.

Nyinyi mnaweza kucheka, mmesoma biolojia. Mimi nilikuwa na umri wa kuamini kila kitu, na hilo liliaminika kirahisi. Nilikwenda kwenye kiota nikachukua yai nikalizungusha. Kweli halikuwa na mlango.

Baba alirudi jioni kutoka kiwanda cha chai, chumba cha kukaushia majani, akinuka kama birika. Kogo akamwambia mbele yetu. Baba akakaa akavua gambuti moja, akaacha nyingine. Baba ni mtu ambaye ukimuuliza swali Jumatatu, anaweza kukujibu Alhamisi. Kogo hakungoja Alhamisi. Alisema kuku wote waende kwa shangazi, na Mama aache kwenda kwa mzungu akae na mtoto wake amfundishe kuongea. "Mpaka mahindi yavunwe," akasema. "Mahindi yakiingia ghalani na huyu kijana hajaongea, Bot Kiprotich arudi kwao Longisa, na mwanangu atafute mwanamke anayejua kulisha mtoto."

Nikamtazama Baba. Akavua ile gambuti ya pili.

Basi ikawa hivyo. Nikienda shule napita kando ya shamba la mahindi nayatazama, na kila nikiyatazama yamekuwa marefu. Niliyachukia. Niliomba mvua ya mawe iyavunje yote, nikiwa nimepiga magoti katikati ya mistari, na jioni hiyo mvua ya mawe ikaja kweli, ikavunja ya jirani.

Mama alifundisha. Alianza asubuhi akikamua, Kiprotich amefungwa mgongoni: huyu ni ng'ombe, haya ni maziwa, huu ni mkia, sema mkia. Alimwongelesha akichuma chai, alimwongelesha akichota maji, mpaka sauti yake ikakauka ikawa kama ya mwanamume. Kina mama wa kanisa wakaja wakamwekea mikono. Mchungaji akampaka mafuta kwenye midomo, hapa na hapa pembeni, ungedhani ni bawaba za mlango. Kiprotich akayalamba akadai mengine.

Mimi nami nilikuwa na dawa zangu. Ya kwanza, nilipika tambi zisizo na mayai, kwa mawazo kwamba zitakwenda kuzifukuza zile zenye mayai. Unga na maji matupu, nikasukuma kwa kile kifuniko. Ilitoka gundi. Nilitumia iliyobaki kubandika jalada la kitabu changu cha hesabu, na likashika mpaka darasa la nane. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kama kweli nilikula maneno ya wawili, basi yalikuwa ndani yangu, na kila nikifungua mdomo nayamaliza. Nikaamua kunyamaza ili yabaki, yamfikie. Sikumwambia mtu, nitamwambiaje na nimenyamaza? Mwalimu akaniuliza saba mara nane, nikamtazama tu. Nikachapwa kimya kimya. Kogo akanishika paji la uso akasema nina malaria. Nililala na maneno yamejaa kifuani kama maziwa kwenye kibuyu kilichozibwa, na kila asubuhi nilimkimbilia Kiprotich kuona kama yamefika. Ananichekea tu. Nadhani ningenyamaza mpaka leo, lakini nilisimama juu ya siafu, wakapanda ndani ya sketi, na maneno yote ya akiba yakatoka mara moja, mengine hayafai kuandikwa hapa.

Halafu siku moja Mama akatoka jikoni mbio. Nilikuwa sijamwona akikimbia tangu zamani. "Anaanza!" akalia. "Mama! Njoo! Anaanza!"

Kogo akaja kutoka zizini, mikono yote mavi ya ng'ombe. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya Kiprotich, ameshika mashavu yake, nyuso zinakaribia kugusana. "Sema," akamwambia polepole. "Ma-ma."

Kiprotich akatazama mdomo wa Mama kwa makini, jinsi fundi anavyotazama saa iliyofunguliwa. Akafunga midomo. Akaifungua. Akaifunga, akaifungua. Ilikuwa "mama" kabisa, umbo lake lote. Lakini hakuna kilichotoka, hata pumzi.

"Unaona?" Mama akasema, na meno yake yote yako nje. "Unaona anavyosema?"

Kogo akangoja. Tukangoja sote. Kiprotich akarudia tena, akafurahi kuona tunavyomtazama, akapiga makofi.

"Hata samaki anafanya hivyo," Kogo akasema, lakini hakusema kwa ubaya. Alifuta mikono kwenye nyasi na kurudi zizini, na nikaona anatembea kama mtu aliyebeba kitu. Mama akabaki pale kwenye magoti. Yale meno yalichukua muda mrefu kurudi ndani.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka majani Cherop alipokuja. Mama alikuwa amemtumia habari kwamba haji kazini kwa kuwa ni mgonjwa. Cherop akavuka mto na kikapu chake, matope mpaka magotini, akapiga hodi. "Habari za mchana. Nimesikia Mama hajisikii vizuri, basi leo nitampikia mimi, tafadhali." Akafunua kikapu. Unga. Kungumanga. Mayai, yamepangwa kwenye nyasi kama yako nyumbani kwao.

Kogo alikuwa mlangoni. Nilijua sasa vita vimekuja, nikasogea nipate nafasi nzuri. Lakini kwetu mgeni akishaingia na chakula mkononi, humwambii kitu. Kogo akameza alichotaka kusema, akakaa kwenye kigoda palepale mlangoni kulinda, na akaniambia kwa Kikipsigis nimwangalie Kiprotich asiguse hata tone. Mama alikaa kando ya moto, kanga mabegani, anamtazama mzungu akivunja mayai kwenye nyumba ambamo yalikuwa yamepigwa marufuku. Alikuwa amechoka kwa aina ile ambayo hata ukichomwa mwiba unasema acha ukae.

Cherop akapiga unga, akaweka kifuniko chenye matundu juu ya sufuria, akasukuma. Kiprotich akakimbilia mahali pake pa zamani. Ilikuwa muda mrefu hajaziona, akatugeuzia mgongo sote, akainamia mvuke, akingojea zipande.

Na kile kifuniko kikamteleza Cherop. Kilikuwa kimejaa unga, mikono yake ina mayai, kikaruka kikaangukia mafiga, kikagonga sufuria tupu, vyote vikabingirika kwenye mawe. Mlio wake sijui niuandikeje. Mbwa alitoka nje akilia. Kogo aliruka kutoka kwenye kigoda akataja jina la baba yake. Mimi niliziba masikio.

Kiprotich hakugeuka. Hakutikisa hata bega. Alikuwa anatazama tambi.

Nilianza kucheka, kwa sababu Kogo alikuwa bado amejishika kifua. Lakini Cherop hakucheka. Alisimama mikono hewani, anamtazama Kiprotich kisogoni. Kisha akainama polepole, akaokota ile sufuria na mwiko, akamwendea kwa nyuma, akapiga. Akapiga tena, karibu na sikio. Tambi zikapanda. Kiprotich akapiga makofi.

"Mama," Cherop akasema. "Mtoto huyu hasikii."

"Anasikia," Mama akajibu upesi. "Ni mkaidi tu. Nikimwita anakuja."

"Akikuona?"

"Anakuja."

"Mwite sasa, tafadhali. Asikuone."

Mama akasimama. Kanga ikaanguka, akaiacha. "Kiprotich," akasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya njoo ule. "Kiprotich." Halafu akaita kwa nguvu. Halafu akaita kama unavyomwita mtu aliye kwenye kilima kingine, mikono imezunguka mdomo, na yuko hatua chache nyuma yake, jikoni, mahali ambapo ukinong'ona tunasikia sote. Kiprotich akachota tambi moja kwa kijiko, akaipuliza, akaila.

Cherop akaanza kueleza kuhusu ile homa, jinsi inavyoweza kuondoka na masikio ya mtoto na kumwachia vingine vyote. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, na nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nasikiliza. Kogo alikuwa amekaa tena. "Kwa hivyo yai lilipitia masikioni," akasema chini chini, lakini hata yeye hakuwa na nguvu ya kuliamini.

Mimi nilisikia neno "masikio" nikafurahi! Nawaambia kweli. Ulimi uko mbali, umefungwa ndani, hakuna anayeweza kuufikia. Lakini masikio yako nje, kila mtu anayaona, na kwetu sikio likiziba linasafishwa kwa unyoya wa kuku. Nikatoka mbio mpaka kwenye banda lililokuwa tupu, nikatafuta unyoya mrefu, mzuri, nikaufuta kwenye nguo. Nikarudi nikamnyooshea Mama. "Shika," nikamwambia. "Tumsafishe tu."

Mama akaupokea. Akautazama, akauzungusha kati ya vidole. Kisha akaniuliza mimi, mtoto, kama anauliza mtu mzima anayejua, "Sasa miaka yote hii nilikuwa naongea na nani?"

Nikaokota kanga yake nikamfunika mabegani. Mimi, Redio.

Mahindi yakavunwa yakaingia ghalani, na hakuna aliyerudi Longisa. Kogo mwenyewe alimwambia Baba asije akalitaja tena jambo hilo, na alimrudishia Mama kuku mmoja baada ya mwingine. Mngedhani hapo tumeshinda. Mimi nilidhani. Lakini kumbe Mama alikuwa amejiandaa kwa kesi ya mayai, ambayo ungeweza kubishana nayo, ukaomba, ukangoja. Hii nyingine haikuwa na mtu wa kubishana naye. Cherop alizungumza habari za shule moja ya watoto wasiosikia, mbali, wanalala huko huko. Baba akasema mtoto bado mdogo. Mwaka mwingine akasema tena. Kisha muda wa Cherop ukaisha akarudi kwao, akalia njia nzima mpaka barabarani, na mkunga aliyefuata hakuhitaji mpishi. Kiprotich hakwenda. Sasa ni mkubwa, anachuma chai haraka kuliko mimi, na mimi na yeye tuna matusi yetu ya mikono ambayo hakuna mwalimu atakayeyajua. Mama ana ishara chache tu naye: njoo, kula, maji, ng'ombe. Hakumchukia, msinielewe vibaya. Alimwosha, alimlisha. Ila aliacha kumwongelesha, kama mtu aliyegundua kwamba mtungi alioujaza siku zote hauna kitako. Na tambi hakupika tena.

Lakini jioni ya siku ile kifuniko kilipoanguka, Cherop akishavuka mto, Mama alikaa kitandani kumlaza kama kawaida. Alikuwa na wimbo wa kwao, wa ndama aliyekataa kuingia zizini, mrefu, haumaliziki. Tangu atoke hospitali Kiprotich alikuwa halali mpaka apande mapajani na kuweka kiganja kooni mwa Mama, hapa chini ya kidevu, wakati anaimba. Kogo alisema ni mapenzi. Mimi nilikuwa nasema anataka kumnyonga. Akapanda, akaweka kiganja, akangoja.

Mama akafungua mdomo. Nilijua maneno ya kwanza, nikayasikia kabla hayajatoka. Hayakutoka. Akamtazama usoni muda mrefu, akafunga mdomo.

Kiprotich akangoja zaidi. Akamgongagonga kooni kwa vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Akamtazama Mama. Akagonga tena. Mama akageuza uso ukutani, na hakuna mtu pale ndani aliyejua kumwambia kwamba mtoto yule alikuwa anautafuta mtikisiko wa wimbo pale kooni.

Nikauchukua ule mkono nikauweka kooni mwangu. Nikaimba ndama wote, mwanzo mpaka mwisho, nikaongeza wimbo wa shule, na wa kanisa, na tangazo la sabuni. Alinisikiliza kidogo, kiganja kimetulia, macho yamefungwa nusu. Kisha akautoa, akaurudisha kwa Mama, akaendelea kungoja mpaka usingizi ukamchukua.